Mianzi ya bustani za baridi Arusha na Moshi: ipi inunuliwe kwanza

Anayetafuta mianzi ya kupanda kwenye miteremko ya Meru au Kilimanjaro aulize kwanza jinsi mizizi yake inavyoenea, ndipo aulize bei. Baridi ya huku, hata kule Marangu, si ya kuua mianzi; kinachotia hasara ni mwanzi unaotambaa chini kwa chini hadi ukavuka masale ya mpakani na kuchipua katika kihamba cha jirani.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza ninaipa Bambusa multiplex, mwanzi mwembamba unaokua kwa kichaka kilichoshikamana, ambao kwa kawaida hufikia mita 3 hadi 7 na hukubali kupogolewa ukawa ua mzuri. Unafuata mwanzi wa milimani, Oldeania alpina, mwenyeji wa misitu ya Meru, ambako una ukanda wake, tofauti na Kilimanjaro. Unamfaa mwenye eneo la juu, lenye ukungu na nafasi ya kutosha. Moshi mjini joto litauchosha. Miche iliyong'olewa hifadhini isinunuliwe, hata ikiwa rahisi.

Wa tatu ni Bambusa vulgaris, hasa ule wa manjano wenye michirizi ya kijani. Huoteshwa kwa urahisi kutokana na vipande vya shina, lakini hufika mita 10 na kuzidi, kwa hiyo mahali pake ni kando ya mfereji, si kwenye kiwanja kidogo.

Wa mwisho ni Phyllostachys aurea, unaotambulika kwa pingili zilizobanana karibu na ardhi. Ni mzuri, hustahimili baridi na huenea haraka. Sifa hiyo ya mwisho, ambayo muuzaji huitaja kwa fahari, ndiyo kasoro yake. Anayeung'ang'ania aupande ndani ya chombo cha saruji, au auzungushie plastiki nene iliyozikwa kina cha sentimita 60 au zaidi. Fargesia, inayosifiwa Ulaya kwa kuvumilia theluji, sikuipanga kabisa, kwa kuwa haipendi joto, na kuiagiza nje kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu hapa Arusha.

Kitaluni, mwombe muuzaji afungue kiriba kimoja. Mche wa kununua una kipande cha shina la chini ya ardhi chenye jicho, pamoja na chipukizi jipya; fimbo yenye majani matupu iachwe. Upandwe masika yanapoanza, mbolea ya samadi ikiwa imeoza vizuri.