Ripoti ya udongo niliyouziwa Mwanza: maji wameyaweka mita nne chini!

Kama una kiwanja cha mchanga Igombe, Luchelele au popote ufukweni, soma hii kabla hujalipa. Mimi nimeshalipa.

Tunajenga ghala la barafu na samaki jirani kabisa na ziwa. Watu wamezoea kusema Mwanza ni mji wa mawe. Sawa, huko mlimani. Kwetu chini ni mchanga mlegevu uliojaa maji, na tangu tetemeko la Kagera la Septemba 2016 sitaki msingi wa kubahatisha. Mchanga wa aina hiyo ukitikiswa, chembe zinajaribu kubanana, maji yaliyo katikati yanakosa pa kutokea, presha inapanda hadi chembe zinaachiana, ardhi inakuwa uji. Niigata, Japani, mwaka 1964, maghorofa yalilala ubavu yakiwa mazimamazima. Nikatafuta kampuni ya kutufanyia modeli ya jambo hilo kwenye kompyuta.

Wachimbaji wao, haki yao niwape, ni watu wa kazi. Nyundo ya kilo 63.5 inadondoka sentimita 76, kijana amechora chaki kwenye fimbo kila sentimita 15, anahesabu mapigo kwa sauti. Juu juu pale fimbo ilizama kwa mapigo manne, matano tu, yaani mchanga ni mlegevu kweli. Maji waliyakuta sentimita 80 chini, wakaandika.

Ripoti ikaja, picha za rangi tele, kila mahali kijani: salama. Nikafungua ukurasa wa data zilizoingizwa. Kina cha maji: mita 4. Mita nne! Ziwa limefurika 2020, likafurika tena 2024, mtu anaweka maji mita nne hatua chache kutoka ufukweni! Mchanga mkavu haugeuki uji, kwa hiyo lazima picha iwe ya kijani. Na tabia za mchanga wenyewe ameweka za Toyoura, mchanga wa maabara wa Japani. Sasa yale mapigo tuliyolipia yalikuwa ya nini?

Nikaenda ofisini, nikamuuliza injinia kwa upole: "Mwanangu, hii mita nne umeitoa wapi?" Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, hayo ni mambo ya programu, huwezi kuyaelewa. Kompyuta haikosei."

Nimefanya kazi maabara ya udongo kabla huyo kijana hajajua kushika kalamu. Kompyuta inakokotoa ulichoilisha, basi. Watu watalala na kufanya kazi juu ya msingi huo!

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Ila bosi wake alinipigia, akaomba radhi, akarudia modeli kwa maji ya sentimita 80 na mapigo ya kwetu. Safari hii tabaka la mita mbili hadi tano likawa jekundu karibu lote, ghala likainamia ziwani. Kazi safi, na imetuonyesha mahali pa kushindilia mchanga kabla ya kumwaga zege. Nikasema basi, wanafaa.

Halafu ikaja ankara ya pili: "marudio ya modeli". Yaani nilipie uzembe wao! Siilipi, na nimewaambia. Wachimbaji nitawaita hata kesho wakianzisha ofisi yao. Yule injinia asikanyage kiwanja changu.