Keepalived kwenye VM: yenyewe iko poa, kinachosumbua ni haipavaiza

Keepalived, programu ya kufanya seva zisaidiane moja ikianguka, naipa alama nzuri, niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Ya bure, nyepesi, faili la konfigi fupi, na ukiwa na VM (mashine pepe) mbili zinazotumia IP moja ya pamoja, moja ikizima nyingine inaichukua ndani ya sekunde 3 na kitu hivi, maana tangazo la VRRP (protokali ya mashine kuambiana nani yuko hai) linatoka kila sekunde 1 na yakikosekana kama matatu mfululizo ndo inashtuka. Kwenye seva za kawaida sijawahi kuhangaika nayo. Juu ya haipavaiza (programu inayoendesha hizo VM) sasa, weee.

Kilichonitesa zaidi ni VM zote mbili kujiita MASTER (mwenye IP) kwa wakati mmoja. Zikiwa hosti moja (mashine halisi inayobeba VM) feilova, yaani IP kuhamia kwa mwenzake, inapita safi, ukihamishia moja hosti ya pili tu watu wanaanza kulalamika mara inafunguka mara imekata, na ukisoma logi huoni kosa lolote kwa sababu kila moja inaamini mwenzake kafa. Achana na logi. Washa tcpdump (ya kunasa pakiti za mtandao) pande zote mbili uchuje protokali namba 112, ndo VRRP yenyewe, mi nilichokuta kila VM inaona matangazo yake yenyewe tu, yaani maltikasti (tangazo la kundi zima) ya 224.0.0.18 ilikuwa inapotelea njiani kati ya hosti na hosti. Nikaweka unicast_peer, ya kutuma tangazo moja kwa moja kwa IP ya mwenzake, zikaonana hapo hapo. Kwa mashine mbili mi sioni hata sababu ya kung'ang'ania maltikasti. Ila cheki na faiwoli, VRRP sio TCP wala UDP, kwa hiyo utafungua poti mpaka uchoke na bado haitapita, ruhusu protokali yenyewe.

use_vmac (ya kutumia MAC pepe, yaani anwani ya kadi ya mtandao isiyo halisi) kwenye VM usiiguse kama huna ruhusa ya kubadilisha mipangilio ya swichi pepe, ile ya ndani ya haipavaiza. Inatumia MAC inayoanza na 00:00:5e:00:01, na swichi pepe nyingi zikiona VM inatoa MAC ambayo sio yake zinatupa fremu kimyakimya. Ukiiacha, keepalived inatumia MAC halisi ya kadi na feilova ikitokea inatangaza ARP mpya (kuambia mtandao IP sasa iko kwenye MAC ipi), inatosha kabisa.

Halafu kuna bakapu za usiku. Snepshoti (nakala ya hali ya VM) ikiigandisha VM sekunde kadhaa, ya pili inachukua IP, ya kwanza ikiamka inaendelea kujiona MASTER, na nopreempt (ya kuizuia isimnyang'anye mwenzake IP) haikusaidii hapo maana yenyewe haikuwahi kushuka cheo. Nimeongeza advert_int (muda kati ya matangazo) kidogo, feilova imekuwa nzito zaidi lakini vurugu za usiku zimeisha.

Na vrrp_script, ya kukagua kama huduma iko hai, weka tu, bila hiyo huduma inaweza kufa na IP ikabaki pale pale kwa sababu mashine yenyewe bado inapumua.