TAHADHARI: muuza "mbegu za butanati" mwenye koti jeupe

Wana Dodoma, naandika nikiwa na hasira na aibu pia.

Wiki ya Nane Nane, nje ya uwanja pale Nzuguni, kuna kaka alikuwa na meza ya makopo. Koti jeupe, kalamu mfukoni, bwana shamba mtupu. Akachukua boga, butanati la kweli, akalipasua mbele yangu. Nyama ya chungwa mpaka inang'aa. Akanionjesha kipande cha kuchemsha: kitamu, kikavu, hakina majimaji. Akachota mbegu kwa kidole akaniwekea kiganjani na utelezi wake. "Ndizo hizi hizi dada, tumezikausha tu tukazipaka dawa." Mkono ukaingia chini ya meza, ukatoka na makopo manne. Nikafungua moja, mbegu zina rangi ya waridi, nikazidi kuamini. Si ndivyo zilivyo za dukani? Nani angeshtuka? Elfu kumi na tano kila kopo. Nikamtumia 60,000 kwa simu na ahsante juu.

Desemba mvua ikashuka Mvumi, nikapanda. Zikaota zote! Hapo ndipo aliponimaliza. Picha si niliwarushia wenyewe? Mama mkwe akaja jioni moja, akasimama pembeni ya shamba. "Mwanangu, boga gani linachanua jua likizama, tena ua jeupe?" Kweli, ua la boga ni la njano na hufunguka alfajiri. Nikabisha! Nikamwonyesha vitunda vyenye shingo, butanati si lina shingo? Akaondoka anacheka.

Mwezi wa nne nikapasua kimoja. Ndani kweupe pe. Vibuyu. Nusu heka ya vibuyu. Sasa kijiji kizima kinaniuliza naanza lini kuchonga mazeze.

Huyu mtu akamatwe, afungwe, na huko jela alimishwe maboga mpaka ajue tofauti. Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, akikuharibia huo umekwisha. Simsamehi.

Dalili zilikuwepo, basi tu. Kopo halikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa lilikuwa la mwanamke. Rangi ilinibaki vidoleni. Ningeosha mbegu moja tu ningeona, ya boga ni bapa, nyeupe, ya kibuyu ni ya kahawia, ina mistari na vipembe. Na lile boga alilolipasua, ningelinunua lenyewe nikaanika mbegu zake kivulini! Hata kama ni chotara na yangetoka mchanganyiko, si yangekuwa maboga?

Mwenye kumwona anipigie, hata usiku wa manane. Na anayetaka vibuyu vya maziwa aje Mvumi, vinakauka vizuri sana.