Uzoefu wangu na MCP: zana zinaungana upesi, idhini ndiyo kazi

MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha programu za AI na zana za nje iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, naitumia kuunganisha programu ya SACCO hapa Kampala na seva za nje za kalenda, faili na orodha ya kazi. Kuunganisha ni kazi ndogo: unaipa maktaba ya Python anwani ya seva, inaleta orodha ya zana, basi. Naipa nyota 4. Ya tano imekwamia kwenye idhini ya watumiaji.

Ombi lisilo na tokeni (kibali cha kidijitali kinachoonyesha mtumiaji ameruhusu) hujibiwa 401, yaani "huna idhini", na heda ya WWW-Authenticate kwenye jibu hilo inakuelekeza kwenye waraka unaotaja ilipo seva ya idhini. Mtumiaji anaingia kwenye akaunti yake kupitia kivinjari, nywila yake huioni kamwe, kisha anarudi na msimbo wa kubadilishana na tokeni. PKCE, kinga inayomzuia aliyeiba msimbo huo asiutumie, ni lazima. Anwani ya kurudi ifanane herufi kwa herufi na uliyosajili. Mkwaju (/) mmoja wa ziada mwishoni unakukwamisha.

Mifano mingi huweka tokeni kwenye kumbukumbu tu. Umeme ukikatika, wote wanaingia upya. Andika TokenStorage yako, yaani sehemu ya maktaba inayohifadhi tokeni: rekodi moja kwa kila mtumiaji na kila seva, iliyosimbwa kwa ufunguo usiokaa kwenye hifadhidata hiyohiyo.

Tokeni ya kuhuishia (refresh token), inayotumika kupata tokeni nyingine ya kwanza inapoisha muda, ndiyo inayosumbua zaidi. Seva nyingi hutoa mpya kila unapoitumia na kuua ya zamani. Michakato miwili ikitumia ileile kwa pamoja, seva hudhani imeibwa na kufuta zote, kwa hiyo weka kufuli kwa kila mtumiaji. Mtandao ukikatika kabla ya jibu kufika, tokeni mpya imepotea na utapata kosa la invalid_grant, yaani tokeni uliyotuma haikubaliki tena. Usirudie ombi, mwambie mtumiaji kwa lugha ya kawaida aingie tena.

Angalia na saa. Ukipima muda kwa datetime.utcnow().timestamp() kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Kampala, unabaki nyuma saa 3, na programu inatuma tokeni iliyokwisha kufa ikidhani ni hai. Kwenye seva ya kukodi iliyowekwa UTC (saa za kimataifa) kosa halionekani, ndiyo maana linapita majaribio. Tumia time.time().

Soma pia ruhusa zinazoombwa. Seva moja ya kalenda ilitaka haki ya kufuta, ilhali zana zake zote ni za kusoma. Hiyo sikuiunganisha.