Miezi 14 ya levodopa, na daftari lililonisaidia kuielewa

Mimi ni fundi cherehani wa Manzese, miaka 63. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka nikiwa nimekaa tu. Nikishika mkasi, unatulia. Mwandiko nao ukasinyaa. Naandika vipimo vya mteja, nikifika mwisho wa mstari herufi zimekuwa kama punje za ulezi. Kliniki wakasema ni ugonjwa wa Parkinson, wakanianzishia vidonge vya levodopa na kabidopa, mara tatu kwa siku.

Dawa naisifu. Siku za mwanzo kichefuchefu kilinisumbua sana, kisha mikono ikafunguka, nikarudi kushona vifungo. Haiponyi ugonjwa. Levodopa hugeuka dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, ndani ya ubongo, na kabidopa huizuia isiishie njiani. Tabu ilikuwa kujua inanisaidia kiasi gani. Unakaa miezi mitatu, unaingia kwa daktari, anakuuliza, "Unaendeleaje, mzee?" Nami nilikuwa namjibu kwa jinsi nilivyoamka siku ile.

Muuguzi akanishauri ninunue daftari. Siku 3 mfululizo kabla ya kliniki, kila nusu saa, naweka alama: dawa imekolea, dawa imeisha nguvu mwilini, au nimelala. Kabla ya kila dozi na saa moja baadaye natunga uzi kwenye sindano ileile na kuandika jina langu. Nikipanda mwendokasi, naandika kama miguu imeganda mlangoni. Inachosha, sifichi.

Sasa sikilizeni hili. Saa nne asubuhi mke wangu alikuwa akiniambia, "Baba Zai, umeanza kutetemeka tena." Nami naandika dawa imeisha. Zai akanirekodi kwa simu. Daktari alipoitazama ile video akasema huko si kutetemeka, ni mwili kuchezacheza wenyewe kwa sababu dawa imepanda mno. Kweli, vidole vilikuwa vimetulia. Mabega na shingo ndivyo vilivyokuwa vikiyumba. Ningesema tu "natetemeka" angeweza kuniongezea dozi, na kuyumba kungezidi. Nilitoka pale nimeloa jasho. Tangu siku hiyo daftari lina safu ya nne, ya mwili kuchezacheza.

Daftari likaonyesha pia kwamba nikimeza kidonge pamoja na mlo wa samaki na maharage, kinachelewa kukolea karibu saa nzima. Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Siku hizi nameza nusu saa kabla ya kula.

Daktari hakuongeza dawa. Aligawa kiasi kilekile kiwe dozi ndogo mara tano, na saa nilizokuwa nimekwama zikapungua kutoka 5 hadi 2 kwa siku.

Uliobaki ni usiku. Kujigeuza kitandani peke yangu siwezi, hadi nimwamshe mama Zai, naye amechoka. Alama yangu ya "nimelala" ilikuwa inaficha yote hayo. Jana nimechora safu ya usiku, na kliniki ni Jumanne.