Wavu Mmoja Uani: Mchezo wa Khanga au wa Miguu?
Wavu wa voliboli, ambao kwa wanaume hufungwa kwa kimo cha mita 2.43 na kwa wanawake mita 2.24, hufaa kwa michezo mingine. Katika mchezo wa khanga, wachezaji wawili hushika pembe nne za khanga, huudaka mpira katikati yake, kisha huikaza khanga ghafla kwa pamoja ili mpira uruke ng'ambo. Hata bibi na mjukuu huuweza, na vidole haviumii asubuhi za Julai hapa Iringa, baridi inapotia ganzi. Mchezo wa miguu na kichwa huhitaji wavu ushushwe hadi mita 1.10 hivi na uwanja tambarare, nao ni adimu kwenye miteremko ya mtaa wetu wa Gangilonga. Kwa familia, ningechagua khanga.