Kuku gani wa mayai ununue: wanaotaga vizuri na hawakusumbui bandani

Wadau, ukiuliza kuku gani anataga sana jibu unalipata chap, Leghorn au chotara wa kahawia, mayai 300 kwa mwaka, basi. Ila hapo umeuliza nusu tu. Nusu iliyobaki ni tabia, mana hayo mayai 300 ni uwezo wa kuku aliyetulia na aliyeshiba, kuku mwoga akikurupushwa na mbwa usiku anaweza kukata kutaga siku kadhaa au akakutolea yai lenye ganda la ajabu, na wakibanana wanaanza kudonoana mpaka damu, na wakishaonja damu hawaachi. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa vyote viwili, mayai na tabia, na namwongelea mtu wa kuku wachache nyumbani. Mwenye maelfu ana hesabu zake nyingine kabisa.

1. Australorp

Huyu ndo namba moja wangu na sihami. Mweusi tii, akipigwa na jua manyoya yanatoa mng'ao wa kijani, alizalishwa Australia kutokana na Orpington weusi wa Uingereza. Kwenye shindano la kutaga huko kwao mwaka 1922 hadi 1923, mitetea sita ya aina hii ilitaga mayai 1,857 ndani ya siku 365, yani wastani wa 309 na nusu kila mmoja, na bila taa za kurefusha mchana. We usitegemee hayo, wale walikuwa wa kuchaguliwa, piga hesabu ya 250 hivi kupanda au kushuka. Kinachompa nafasi ni upole: ukiingia bandani anasogea pembeni taratibu badala ya kuruka ukutani, ukimbeba anatulia, watoto wanamuweza. Alafu ana mwili, kwa hiyo akiishiwa mayai bado ni kitoweo cha maana. Shida yake ni hiyo rangi, jua kali linamchosha, kivuli na maji ya baridi visikosekane.

2. Chotara wa kahawia (ISA Brown, Lohmann Brown, Hy-Line Brown)

Kama shida yako ni mayai mengi, mapema, basi hawa na usitafute wengine. Wanaanza kutaga kwenye wiki ya 18 mpaka 20, mwaka wa kwanza kufika 300 na kuendelea ni kawaida, na kwa watu ni wapole kupita kiasi, wanakufuata miguuni mpaka unawakanyaga. Kingine kizuri ni kwamba siku ya kwanza tu unajua jinsia kwa rangi, jike wa kahawia, dume mweupe mweupe wa njano, kwa hiyo muuzaji akikuletea boksi lililochanganyika rangi alafu anakwambia yote majike, mrudishie.

Mbona basi si wa kwanza? Kwa sababu mwili wake unafanya kazi bila kupumzika na unachoka mapema. Baada ya mwaka na nusu, miwili, ndo unaanza kuona maganda laini, yai kukwama, wengine kizazi kinatoka nje na wenzake wanakidonoa. Na huyu hataki longolongo kwenye chakula, anataka chakula kamili cha kutagia, protini kama asilimia 16 au 17 na madini ya chokaa karibu asilimia 4, gramu 110 hadi 120 kwa siku. Ukimpa pumba na mabaki ya jikoni ataendelea kutaga kwa kuchota chokaa kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka siku moja unamkuta kakaa chini hawezi kusimama. Alafu usihangaike kuangulisha mayai yake ukidhani utapata wengine kama yeye, hautapata, kila ukitaka kundi jipya lazima ununue upya.

3. Sussex

Hasa yule mweupe mwenye shingo ya madoa meusi. Mayai 200 hadi 250, mtulivu ila mdadisi, ukiacha mlango wazi yeye ndo wa kwanza kuja kuona kuna nini. Anajitafutia vizuri akiachiwa nje. Angekuwa wa pili kama asingekuwa na tabia ya kunenepa ukimzidishia mahindi, na kuku mnene kutaga kunamshinda.

4. Plymouth Rock

Yule wa mistari mistari myeupe na myeusi, wa Marekani. Mayai kama Sussex, mpole, mvumilivu. Sina la kumlaumu, ukimpata mzuri chukua.

5. Rhode Island Red

Mgumu huyu. Anavumilia baridi, anavumilia joto, chakula kikiwa hafifu bado anajitahidi, na mayai 250 anakupa. Huko jimboni Rhode Island walimfanya ndege wa jimbo mwaka 1954, ujue walimheshimu. Ila mitetea yake ni mibabe, ukiichanganya na kuku wapole inawanyima chakula, na majogoo yake mengine ni magomvi ya kurukia watu miguuni. Ukiwa na watoto wadogo chukua majike peke yake. Na hapa niseme hili kwa sababu watu wengi hawaamini: kuku hahitaji jogoo ili atage, jogoo ni wa mbegu tu.

6. Leghorn

Najua mtanibishia. Mayai meupe 280 hadi 300, kamwili kadogo, anakula kidogo kuliko wote hapa, kuatamia karibu hajui, kwa karatasi huyu ni bingwa. Sasa ingia bandani na ndoo siku umevaa nguo ya rangi nyingine: kundi zima linaruka juu kwa pamoja, vumbi, kelele, mayai mawili yamepasuka. Anapaa uzio wa mita moja na nusu bila jasho. Kama una banda lililofunikwa na hutaki urafiki na kuku, mchukue, hutajuta kwa mayai.

7. Orpington

Wa mwisho kwa mayai, 150 mpaka 200 tu, wa kwanza kwa upole. Kila mara anataka kuatamia, na akishalala kwenye kiota mayai yamesimama mpaka umtoe au umwache amalize siku zake 21. Kwenye joto manyoya yake mengi ni mateso. Mnunulie mtoto.

Kuroiler na Sasso sijawaweka kwa makusudi, hao ni wa nyama na mayai kwa pamoja, ukiwapima kwa mayai peke yake utawaonea. Na rangi ya ganda isikupandishie bei, yai la kahawia na jeupe ndani ni lile lile, tofauti ya ndani ikiwepo inaletwa na chakula alichokula kuku.

Ukienda kununua mitetea inayosemekana inataga, usiangalie manyoya, manyoya yanadanganya. Mgeuze, pima kwa vidole pale kati ya ile mifupa miwili ya nyonga karibu na sehemu ya haja: vidole viwili au vitatu vikiingia anataga, kikibana kimoja bado au ameacha. Sehemu yenyewe iwe pana na yenye unyevu, upanga wa kichwani mwekundu na laini. Funua manyoya hapo chini ya mkia utafute chawa, sikiliza pumzi yake karibu na sikio kama inakoroma, na uulize kachanjwa nini, hasa mdondo. Akikosa jibu la chanjo, mwachie kuku wake.